Chora Gofu la Mwenzio Kwanza

Ukiwa Ngarambe, Utete au Kibiti mjini na unataka kujifunza kuchora kwa rangi za mafuta, huna jumba la sanaa la kwenda kukaa mbele ya picha ya bingwa ukaitazama hadi ushibe. Una simu, una duka la kuchapishia picha kando ya barabara kuu, na una macho. Hivyo vinatosha kuanzia. Ushauri wangu ni kwamba usianze na pori lililo nyuma ya nyumba yenu, wala usianze na uso wa mama yako. Anza kwa kunakili mandhari yenye magofu iliyochorwa na mtu anayeijua kazi. Kisha nenda ukasimame mbele ya magofu yetu wenyewe ya pwani. Baada ya hapo ndipo urudi kwenye miti na maji ya kwenu.

Nachagua magofu kwa sababu yanafundisha mengi kwa pamoja na yanamsamehe mwanafunzi. Ukuta uliobomoka una upande wa jua na upande wa kivuli, na mpaka kati ya pande hizo unaonekana waziwazi, jambo ambalo kwenye shavu la mtu au kwenye rundo la majani linakuchanganya. Nyuma ya ukuta kuna vilima, juu yake kuna anga, mbele yake kuna vichaka, kwa hiyo unajifunza umbali bila kubadilisha picha. Tena ukikosea kona ya ukuta uliovunjika hakuna atakayejua. Ukikosea pua ya jirani yako, kijiji kizima kitakuambia.

Kuna hoja nzito dhidi ya ninachokisema, na imetoka kwa mtu wa kwetu. Mzee Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu mwaka 1932, akasoma Makerere, akachora kuta za kanisa la Murang'a na kuanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, aliwakataza wasanii kunakili. Kwake, kunakili ni kumlaza Mungu usingizi. Naiheshimu sana kauli hiyo, na ukitembea kwenye maduka ya watalii ukaona twiga yuleyule, jua lilelile la machungwa na Mmasai yuleyule mwenye mkuki, utaelewa alichokuwa anakipigania. Sam Ntiro wa Machame naye alisoma Makerere, kisha chuo cha sanaa cha Slade jijini London, akabaki anachora maisha ya Uchagani kwa jinsi alivyoyakumbuka yeye. Picha yake ya mwaka 1956 ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku imo katika hazina ya jumba la MoMA, New York.

Lakini pembeni mwa hoja ya Njau weka mfano wa Edward Saidi Tingatinga, aliyetoka Tunduru akachora Oysterbay, Dar es Salaam, hadi alipofariki mwaka 1972. Ndugu na jamaa zake waliketi naye wakijifunza kwa kufuata mkono wake, na ndiyo maana kazi haikufa naye. Kunakili ili uuze ni jambo moja, na kunakili ili ujifunze ni jambo jingine kabisa. Wa kwanza anataka matokeo ya mwenzake. Wa pili anataka kujua mwenzake aliamua nini, kwa mfano kwa nini giza hili amelitanguliza na kwa nini pale ukingo ameuacha umefifia. Unachonakili ni uamuzi wa mchoraji. Usipoushika huo utatoka na picha nzuri ya kuning'iniza ukutani, na mkono wako utabaki vilevile.

Kwa picha ya kwanza nakupendekezea mandhari ya Colosseum, uwanja wa kale wa Roma, aliyoichora Mfaransa Camille Corot mwaka 1826 akiwa katika bustani za Farnese. Ipo katika jumba la makumbusho la Louvre, jijini Paris, na nakala zake safi zinapatikana bure kwenye intaneti. Corot alifariki mwaka 1875, kwa hiyo haki za kazi yake zimekwisha muda wake. Kwa sheria yetu ya mwaka 1999 haki hizo hudumu maisha ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Basi usinakili kazi ya mchoraji aliye hai ukaitembeza kama yako, na nyuma ya hii ya Corot andika kwamba ni nakala.

Nimemchagua yeye kwa sababu mbili. Kwanza, picha ni ndogo na imepangwa kwa matabaka unayoweza kuyataja kwa kidole: vichaka vyenye giza mbele, magofu yenye nuru ya joto katikati, vilima vya samawati nyuma, na anga tulivu lisilokusumbua kwa mawingu. Pili, aliichora kwa mafuta juu ya karatasi, ikaja kubandikwa kwenye turubai baadaye. Kwa hiyo anayekuambia huwezi kuanza bila turubai ghali la kutoka nje, mweleze kwamba moja ya picha zinazopendwa sana Louvre ilianza kama karatasi. Na Corot mwenyewe alijifunza kwa kunakili kazi za Michallon, mwalimu wake, ambaye alikuwa kijana kama yeye.

Sasa vifaa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wengi wanapopotelea fedha. Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi Kibiti au Ikwiriri ukaomba rangi ya mafuta, utapewa ile ya milango na madirisha. Rangi hiyo hutengeneza picha, na Tingatinga alichora kwa rangi ya aina hiyo juu ya hadibodi, lakini ni nyepesi, inang'aa, inakauka haraka, na haikupi muda wa kulainisha ukingo wa kivuli. Kwa somo hili unahitaji rangi za wasanii zilizo kwenye mirija midogo, zinazouzwa katika maduka machache ya Dar es Salaam. Soma mrija kabla ya kulipa, maana rangi za akriliki nazo huja kwenye mirija inayofanana na hiyo, na hazichanganyiki na mafuta.

Usinunue seti ya rangi 24. Nunua tano: nyeupe, manjano ya udongo, ile kahawia nyekundu iitwayo sienna ya kuchomwa, kahawia nzito iitwayo umber, na bluu ya ultramarini. Nyeupe chukua mrija mkubwa, kwa kuwa ndiyo itakayokuishia kwanza. Nyeusi iache dukani. Bluu na sienna zikichanganywa zinatoa giza lenye uhai, unaloweza kulivuta kuelekea ubaridi au joto kwa kuzidisha moja kati ya hizo mbili. Ongeza brashi tatu za manyoya magumu, kisu chembamba cha kuchanganyia, chupa ndogo ya mafuta ya kitani, na tapentaini.

Mafuta ya kitani hayana mbadala jikoni. Rangi ya mafuta haikauki kama nguo kwenye kamba. Inakula hewa na kugeuka ngozi ngumu, na ni mafuta ya aina chache tu yanayofanya hivyo. Mafuta ya nazi na ya mawese hayatakauka kamwe, na picha yako itanata na kukusanya vumbi la barabara mwaka hadi mwaka. Yatumie kwa kazi nyingine: kuondoa rangi kwenye brashi jioni, kabla ya kuiosha kwa sabuni ya mche na maji. Utapunguza matumizi ya tapentaini, ambayo mvuke wake si wa kuvuta ndani ya chumba kilichofungwa. Fungua madirisha, au chora barazani.

Jambo moja zaidi, na naomba ulichukulie kwa uzito. Tambara lenye mafuta ya kitani likikunjwa na kutupwa kwenye kona, linajipasha joto lenyewe na linaweza kuwaka bila mtu kuwasha kiberiti. Kwa joto la Rufiji na mapaa ya makuti, hilo ni hatari ya kweli. Matambara yatandaze nje, moja moja, mpaka yakauke magumu, au yazamishe kwenye kopo la maji.

Kwa ubao, hadibodi inatosha. Isugue upande laini kwa msasa, ipake gundi nyeupe ya mbao iliyopunguzwa maji, iache ikauke, kisha ipake rangi nyeupe ya maji mara mbili. Ukipenda kitambaa, marekani iliyokazwa kwenye fremu inafaa, ila usiruke gundi, kwa sababu mafuta yakigusa uzi wa pamba moja kwa moja yanauozesha. Karatasi nzito nayo iandae hivyohivyo. Ni maandalizi ya mazoezi, hayatadumu kama picha za Louvre, na hayahitaji kudumu kiasi hicho.

Nenda kachapishe picha ya Corot mara mbili, moja ya rangi na moja isiyo na rangi. Hiyo ya pili ndiyo mwalimu wako kwa siku za mwanzo. Skrini ya simu inadanganya, kwani ukiongeza mwanga wake anga linabadilika, ukiupunguza linabadilika tena. Karatasi haibadiliki. Pigia mistari ya miraba juu ya nakala, upige miraba hiyohiyo, kwa idadi ileile, kwenye ubao wako, kisha uhamishe mistari mikubwa tu: ukingo wa vilima, kimo cha gofu, mpaka wa vichaka. Madirisha ya Colosseum yaache kwanza.

Fumba macho nusu. Vitu vidogo vitapotea na utabaki na mabaka. Yahesabu: giza kuu, giza la kati, mwanga wa kati, mwanga mkali. Chukua umber iliyolegezwa kwa tapentaini, uijaze picha nzima kwa mabaka hayo manne bila rangi nyingine, na pale palipo na mwanga futa kwa tambara mpaka weupe wa ubao uchungulie. Simama hatua tano nyuma. Kama gofu halionekani kuwa gofu kwa kahawia peke yake, hakuna bluu wala manjano itakayoliokoa, na huu ndio wakati wa kurekebisha. Anayejifunza hupenda kuikimbia hatua hii kwa sababu haina uzuri wa kuonyesha watu. Mimi ningekushauri ukae nayo kuliko hatua nyingine yoyote.

Ikikauka, anza na anga, ufuate vilima, kisha gofu, na vichaka vya mbele viwe mwisho. Tabaka la chini liwe na mafuta machache, la juu liwe na mengi zaidi. Ukigeuza, la juu litakauka kabla ya la chini na picha itapasuka. Giza lipake jembamba, mwanga upake mzito.

Nikuonyeshe sehemu moja kwa karibu: pale kivuli kinapokutana na jua kwenye ukuta. Mwanafunzi atachukua rangi ya ukuta, aongeze nyeusi, aite kivuli. Ukuta wake utaonekana umepakwa masizi. Tengeneza kwanza upande wa jua: nyeupe nyingi, manjano ya udongo kidogo, na sienna kiasi cha kuchovya ncha ya kisu. Kisha, pembeni na bila kuosha kisu, tengeneza kivuli kutokana na mchanganyiko huohuo ukitia bluu na sienna zaidi na kupunguza nyeupe. Sasa tazama ndani ya kivuli hicho. Sehemu ya juu inapokea anga, iongezee bluu. Sehemu ya chini inapokea mwanga uliogonga ardhi na kurudi juu, iongezee sienna. Mpaka wenyewe uwe mkali mahali pamoja tu, pale unapotaka jicho litue, na kwingine upitishe brashi kavu ulainike. Mawe usiyachore yote. Weka machache palepale kwenye mpaka, na jicho la mtazamaji litayajenga mengine.

Ukimaliza nakala ya kwanza, fanya ya pili ya picha hiyohiyo, ndogo zaidi, kwa asubuhi moja, bila miraba. Hapo ndipo utajua kama ulinakili mistari au ulijifunza. Ukiona ya pili ni chafu lakini ina hewa ndani yake, uko tayari kutoka nje.

Magofu ya karibu kwa mtu wa Kibiti ni ya Kua, katika kisiwa cha Juani, Mafia. Unapanda boti Nyamisati hadi Kilindoni, unakwenda Utende, na kutoka hapo unavushwa kwa kuzingatia maji kujaa na kupwa, kwa hiyo ongea na nahodha mapema. Kua ulikuwa mji wa mawe wenye misikiti na jumba la watawala, ukavamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19 na ukahamwa. Ukipendelea barabara, shika njia ya Lindi, vuka daraja la Mkapa, pita Somanga hadi Nangurukuru, kisha ushuke Kilwa Masoko. Chukua kibali hapo kabla ya kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani. Utakuta Msikiti Mkuu ulioanza kujengwa karne ya 11, ngome ya Gereza karibu na ufuo, na Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, mtawala aliyemkaribisha Ibn Battuta mwaka 1331.

Kabla ya kuchora ukuta wa pwani, ujue umejengwaje. Ni mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo, na dari zilibebwa na boriti za mikoko, mti ambao delta ya Rufiji iliuza ng'ambo kwa vizazi na vizazi. Boriti ndiyo iliyopanga upana wa vyumba, kwa sababu fundi hakuweza kwenda mbali kuliko ubebaji wa mti. Ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu. Ukilijua hilo hutakosea uwiano wa mlango na ukuta. Na jiwe la tumbawe si la kijivu kama tunavyodhani tukiwa mbali. Likipigwa na jua lina rangi ya maziwa yaliyoungua, na lina madoa meusi ya ukungu panapotiririka maji ya mvua.

Huko usibebe mirija yote. Beba penseli, karatasi na vibao viwili vidogo. Jua letu la saa sita liko utosini na linaua vivuli vyote, hivyo chora kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Usizidishe saa mbili kwa kibao kimoja, maana kivuli kitakuwa kimehama na utaanza kuchora jua la nyakati mbili kwenye ukuta mmoja. Valenciennes, Mfaransa aliyewafundisha walimu wa Corot, aliweka kikomo hichohicho. Corot naye alifuata jua. Katika bustani zilezile za Farnese alichora upande mmoja asubuhi, Colosseum akaichora mchana, na upande mwingine akauachia jioni. Usiegemeze kitu kwenye ukuta wala usikwangue lipu. Ukirudi nyumbani na rangi mbichi kwenye boti, weka vibao viwili uso kwa uso, utenganishe pembe zake kwa vipande vya njiti, ukaze kwa kamba.

Halafu ndiyo Ngarambe. Hapa hakuna gofu la mawe, ingawa wachache nchini hawajasikia jina la kijiji hiki. Ni hapa Kinjeketile Ngwale alipoanza kutoa maji ya dawa mwaka 1904, watu wakimjia kutoka Umatumbi na kwingineko. Mwishoni mwa Julai 1905 pamba iling'olewa Nandete, vita vikaanza, na tarehe 4 Agosti Wajerumani wakamnyonga Kinjeketile huko Mohoro. Vita vya Majimaji havikuacha nguzo wala tao la kuchora. Wengi wakitaka kuvichora hukimbilia mikuki na vibuyu, na picha inakuwa bango. Nakusihi uchore mahali penyewe: maji, mti, mwanga wa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ukishaweza kufanya maji yaonekane maji, watu waje baadaye.

Maji ya Rufiji yana tope, kwa hiyo karibu nawe yaonyeshe kahawia na kwa mbali yaonyeshe anga. Mti wenye giza, taswira yake majini ni nyeupe kidogo kuliko mti wenyewe, na wingu jeupe, taswira yake ni nyeusi kidogo kuliko wingu. Miombo kabla ya mvua za mwisho wa mwaka hutoa majani mapya mekundu, na sienna uliyoitumia kwenye mawe ya Roma itafanya kazi hapo bila kubadilishwa.

Usiende porini peke yako. Ngarambe na Tapika wanatunza pamoja eneo la wanyamapori la jumuiya, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na tembo hawaogopi turubai. Waone viongozi wa kijiji, upate askari wa wanyamapori wa kukusindikiza. Wakikuambia leo hapafai, baki shambani uchore dungu. Limeinuliwa juu ya miti, lina paa la nyasi, lina upande wa jua na upande wa kivuli, na lile lililoachwa tangu msimu uliopita limeanza kuinama, paa limetoboka na anga linaonekana kupitia mbavu zake. Anza na giza la chini yake, kwa bluu na sienna, jembamba.